Nilivyohama simuleta ya zamani, nikarudi nusu njia

Mimi ni mwalimu wa Jiografia hapa Lindi mjini. Usiku, watoto wakishalala na vyombo vikishaoshwa, ninarusha ndege. Ya kwenye kompyuta, lakini. Chumba cha marubani cha kweli nimekichungulia mara moja tu, mlango ulipoachwa wazi. Simuleta yangu ni Microsoft Flight Simulator X, iliyotoka mwaka 2006. Niliipata mwaka 2015 kwa mwalimu mwenzangu aliyekuwa anahamia Songea na hakutaka mizigo mingi. Alinipa diski zake mbili za DVD na joistiki iliyolegea kidogo upande wa kushoto, akasema, "Mwalimu, hii itakuchelewesha kulala." Hakukosea.

Mwaka 2024 nikaamua kuhamia programu mpya. Uamuzi huo ulinila shilingi 1,730,000, nimezijumlisha zote, na sehemu kubwa ilikuwa ada ya kutouliza. Naandika kwa ajili ya yule aliyeko Mtwara, Masasi, Nachingwea au Kilwa ambaye ameshatumiwa video na ndugu yake wa Dar na moyo umeanza kumwenda mbio.

Yangu ilitoka kwa mdogo wangu. Januari 2024, nikiwa nimerudi kutoka kusahihisha mitihani ya kidato cha nne, posho bado ina joto mfukoni, akanitumia video ya dakika mbili: Microsoft Flight Simulator ile ya mwaka 2020, ndege ndogo inazunguka juu ya ghuba ya Lindi. "Dada, tazama kwenu." Nikatazama. Mdomo wa mto Lukuledi ulikuwa pale, na Kitunda ng'ambo, na minazi yake. Katika programu yangu ya zamani Lindi ni rangi ya kijani na rangi ya kahawia, na vijumba vilivyomwagwa kama mchele uliopasukia njiani. Nilirudia ile video mara sita.

Mume wangu alikuwa anachaji redio. Nikamwambia nataka kubadilisha simuleta.

"Ya zamani imekufa?"

"Haijafa."

"Sasa mwalimu unazika nini?"

Nilikasirika. Leo naona lile ndilo swali pekee la maana lililoulizwa mwezi mzima, na aliyeliuliza hajui hata usukani wa ndege unashikwaje.

Kwa sababu ningelijibu kwa kalamu na karatasi ningeona ninachokifanya na programu hii. Ninafanya mambo mawili. Kwanza ninarusha ndege aina ya Dash 8 Q400 kutoka Dar es Salaam kwenda Mtwara, maili za baharini kama 216, Mafia ikipita mkono wa kushoto na Kilwa mkono wa kulia. Ndege hiyo haikuja na programu. Ni nyongeza ya watu wengine, Majestic, niliyoinunua mwaka 2018 na kujifunza kwa miezi mingi. Naipenda kwa sababu ni aina ileile ya Air Tanzania inayopita juu ya vichwa vyetu. Pili, ninaitumia darasani. Kompyuta yangu ya zamani ni Dell OptiPlex ya boksi dogo, inaingia kwenye kikapu cha bajaji, naipeleka shuleni. Kidato cha tatu wanaelewa dira upesi wakiona ndege inageuka. Kiwanja cha Mtwara njia yake ya kurukia imeandikwa 01 upande mmoja na 19 upande wa pili. Ongeza sifuri: nyuzi 10 na nyuzi 190. Kwa nini tofauti yake ni 180? Hapo mtoto aliyekuwa anasinzia anainua kichwa. Halafu nawauliza, kusi ikivuma rubani atatua akitazama wapi? Watoto wa wavuvi hujibu kabla ya wengine.

Hayo yote mawili yalikuwa yanakwenda vizuri kwenye programu ya 2006. Sikuandika karatasi yoyote.

Kosa la kwanza lilikuwa la chuma. Nilisoma mahitaji ya programu, nikaona inataka kadi ya grafiki, ile inayochora picha za kwenye kioo, nikamwagiza mdogo wangu aninunulie Kariakoo. Akapata GTX 1660 Super iliyotumika, shilingi 380,000. Ikaja Februari. Fundi akafungua kompyuta yangu, akaitazama kadi, akaitazama kompyuta, akaanza kucheka kwa adabu. Boksi dogo la OptiPlex linapokea kadi fupi tu, nusu ya kimo. Na hata ingeingia, pawa saplai yake ni ya wati 240 na haina waya wa kulisha kadi ile. "Mama, hii ni kama kuvalisha kuku viatu," akasema. Hakunidai hela ya kufungua.

Kwa hiyo kabla hujatuma hela ya kadi, fungua ubavu wa kompyuta yako mwenyewe, au mwombe fundi, usome wati zilizoandikwa kwenye pawa saplai na upime nafasi kwa rula. Dakika kumi. Mimi badala ya dakika kumi nilikaa na kadi ya laki nne kasoro kwenye kabati la vyombo kwa miezi miwili na nusu, kwa sababu nilikataa kukubali nimekosea, na dawa ya kutokubali huwa ni kununua zaidi.

Aprili nikanunua mashine nyingine ya mtumba: Core i5 kizazi cha kumi, RAM GB 16, SSD ya GB 512, pawa saplai ya kutosha. Shilingi 850,000. Kwa haki, ilikuwa mashine nzuri na bado ni nzuri. Muuzaji akaipakia kwenye basi mwanzoni mwa Mei.

Wanaokaa huku wanajua Mei 2024 ilikuwaje. Kimbunga Hidaya kilipita, mvua ikashuka, barabara ya Dar kuja kusini ikakatika maeneo ya Somanga. Mabasi yakalala njiani. Kila siku nilikuwa nampigia kondakta, naye kila siku anajibu "tunasubiri kifusi mwalimu", huku nikisikia watu wakilia njaa nyuma yake. Niliona aibu. Watu walikuwa wamepoteza nyumba na mashamba, mimi nauliza boksi. Ilipofika haikuwa na hata mkwaruzo, ilikuwa imefungwa kwa godoro la mtoto.

Kadi ikaingia. Fundi akaipigapiga mgongoni kama ng'ombe aliyenunuliwa mnadani. Tarehe 11 Mei, Jumamosi, nikalipia programu kwa kadi ya mtandaoni niliyoifungua kwenye simu: dola 59.99, kwa wakati ule kama shilingi 155,000. Nikabonyeza kupakua nikaenda kulala na furaha.

Tarehe 12 Mei nyaya za intaneti za chini ya bahari zikakatika. Nchi nzima ikabaki na intaneti ya kijiko.

Hapo ndipo nilipokaa na kusoma yale mahitaji ya programu kwa mara ya pili, taratibu, kama ninavyowaambia wanafunzi wasome swali. Kila mahali palikuwa na mistari ya kichakataji, kadi, RAM na nafasi kwenye diski. Chini yake kulikuwa na mstari ambao macho yangu yaliuruka: kasi ya intaneti. Kima cha chini megabiti 5 kwa sekunde, inayopendekezwa 20, inayofaa kabisa 50. Mimi niliuliza kama kompyuta yangu itaiweza programu. Nilipaswa kuuliza kama Lindi itaiweza.

Nieleze, maana hili ndilo lililonifanya nikae niandike. Programu ya 2006 unaiweka kwenye diski ikakaa humo, kama gunia la mchele ndani. Dunia nzima imo, mbaya mbaya, lakini imo, umeme ukiwepo unaruka. Hii mpya haikai nyumbani kwako. Watengenezaji wake, Asobo wa Ufaransa pamoja na Microsoft, wamechukua picha za satelaiti za Bing za dunia nzima, na hizo hakuna diski ya mtu inayozibeba. Zinakaa kwenye sava za mbali, na kila unaposogea kipande cha ardhi kinaletwa kwa waya papo hapo. Hali ya hewa ya moja kwa moja nayo inaletwa. Kwa hiyo unaponunua, unanunua mpira wa maji. Bomba ni lako kulitafuta.

Nilipima bomba langu. Ruta yangu ya 4G, baada ya nyaya kutengemaa, ilitoa megabiti 3 hadi 4 saa mbili usiku, ambayo ndiyo saa yangu ya kuruka, na 9 hadi 11 alfajiri. Tofauti hii ni ya kuangaliwa. Mtu anapima intaneti saa kumi na moja asubuhi, anafurahi, halafu anaruka saa mbili usiku wakati mtaa mzima unatazama tamthilia kwenye simu. Pima saa utakayotumia, siku tatu mfululizo.

Mzigo wa kupakua ulikuwa zaidi ya GB 100. Piga hesabu: GB 130 kwa megabiti 8 ni saa 36 bila kupumua, na kwa megabiti 4 ni siku tatu nzima. Kwangu ilichukua siku tisa, kwa sababu ya nyaya, kwa sababu umeme ulikatika mara kadhaa, na kwa sababu siku ya nne bando liliisha nikiwa darasani. Bando za mwezi ule pekee zilinila shilingi 120,000. Umeme ulipokatika mara ya tatu nikanunua UPS, betri ya kuishikilia kompyuta umeme ukikatika, 180,000. Ongeza nauli ya boksi na hela ya fundi, 45,000. Ndipo inapofika ile 1,730,000 ya mwanzo.

Na umeme wenyewe. Hili hakuna aliyeniambia, na nadhani ni kwa sababu wanaotoa ushauri wanakaa nchi zisizo na LUKU. Nyumba yetu ilikuwa kwenye daraja la matumizi madogo: mkikaa chini ya uniti 75 kwa mwezi, uniti inahesabiwa shilingi 100 kabla ya kodi na tozo. Mkizidi, ile ziada inahesabiwa 350, na mkiendelea kuzidi mnahamia daraja la kawaida la 292. Sisi tulikuwa tunamaliza mwezi na uniti sitini na kitu. Mashine mpya inaporuka inakula kama wati 250. Saa mbili kila usiku ni uniti 15 kwa mwezi. Siku tisa za kupakua usiku na mchana ziliongeza uniti nyingine kama 13. Mume wangu alinunua umeme wa elfu kumi kama kawaida yake, akaangalia namba, akanunua tena, akaangalia tena. Hakusema kitu. Aliniwekea risiti mbili kwenye kibodi.

Siku ya tano nilikata tamaa nikaomba hela yangu ya programu irudishwe. Duka nililonunulia lina utaratibu mzuri: unarudishiwa ndani ya siku 14, mradi hujaitumia programu zaidi ya saa mbili. Mimi nilikuwa sijaruka hata dakika moja. Kumbe kinachopakuliwa dukani ni kipande kidogo tu cha kuanzia, na mzigo wenyewe unapakuliwa ndani ya programu ikiwa imewashwa, na saa zote hizo zinahesabiwa kuwa nimetumia. Rekodi ilionyesha saa 61. Ombi likakataliwa. Sina wa kumlaumu, waliotangulia walishayaandika haya mara nyingi na mimi sikutafuta. Wewe ukinunua, hakikisha kwanza una wiki mbili ambazo intaneti yako iko sawa, na uulize mzigo mkubwa unapakuliwa wapi.

Sasa nisije nikaonekana nasema programu mbaya. Tarehe 20 Mei usiku ilifunguka. Nikachukua Cessna Caravan, zile ndege ndogo zinazopeleka watalii Kilwa na Mafia, nikaiweka Kikwetu. Mama yangu, mwenye miaka 71, alikuwa amekuja kututembelea, nikamvutia kiti. Nikaruka, nikaja mpaka mjini kwa futi 1,500, nikakata kuelekea ng'ambo.

Mama alikuwa ametulia. Halafu akanyoosha kidole bila kugusa kioo. "Hapo si Kitunda?"

"Ndiyo mama."

"Hapo pembeni ndipo tulipokuwa tunapandia mtumbwi. Kabla ya pantoni." Akakaa kimya. "Rudi nyuma kidogo."

Nikamwambia ndege hairudi nyuma. "Basi zunguka," akasema, kama anavyomwambia dereva wa bajaji. Nikazunguka. Alinionyesha mstari wa minazi ambao alikuwa na hakika ni wa babu yake, na nyumba ambayo programu ilikuwa imeijenga kwa kubahatisha kutokana na picha ya angani: ghorofa moja, madirisha ya vioo. "Hiyo nani kaijenga?" akauliza kwa wivu kabisa. Nilicheka mpaka nikapoteza kimo.

Tulipozunguka mara ya tatu ilikuwa yapata saa mbili na nusu usiku. Kasi ikaanguka. Minazi ikayeyuka, ufukwe ukawa tope, Kitunda nzima ikawa kitambaa cha kijani kisicho na mwenyewe. Mama akasogea karibu na kioo.

"Umeingia ukungu?"

Nikamwambia ni intaneti. Akasubiri kidogo, kisha akaenda kuswali isha.

Dakika zile ishirini kabla ya ukungu zilikuwa na thamani ya hela nyingi, nasema kweli. Ndiyo maana sipendi mtu aniambie "programu ya zamani inatosha, ridhika". Haitoshi. Kuna kitu ambacho ile ya 2006 haitanipa hata niishi miaka mia. Lakini pia sitaki mtu adanganyike kwamba atakipata kila usiku.

Wiki zilizofuata nilijifunza kuishi nayo. Nilizima ndege za wachezaji wengine na msongamano wa moja kwa moja. Nikaweka kikomo cha data, maana safari ya saa moja na nusu ilikuwa inakula GB 3 na ushee. Kilichonisaidia kuliko vyote ni hifadhi ya mkono: unachagua kwenye ramani eneo unaloruka mara kwa mara na kulipakua mapema, likae kwenye diski. Nilichora pwani kutoka Kilwa mpaka mdomo wa Ruvuma, ubora wa kati, nikaiacha ipakue alfajiri tatu, kati ya saa tisa na saa kumi na mbili. Baada ya hapo Lindi haikuyeyuka tena. Bara ukienda Liwale bado ni tope, lakini sina ndugu Liwale.

Pigo nililolihisi zaidi lilikuwa jingine. Dash yangu haikuhama. Nyongeza za programu ya 2006 zimeandikwa kwa ajili ya programu ya 2006. Ile ni ya biti 32, hii ni ya biti 64, na hata bila hilo matumbo yake ni tofauti. Majestic hawakuwa na Q400 ya programu mpya. Kulikuwa na ndege nyingine ya mapanga, ATR, nzuri, ya kununua pembeni, na Precision Air wanazirusha ATR huku kwetu, kwa hiyo si kwamba sikuwa na cha kupeleka Mtwara. Nikainunua? Hapana. Nilikaa nayo kwenye kikapu siku mbili, nikaitoa. Nilikuwa nimechoka kuwa mwanafunzi wa darasa la kwanza. Vidole vyangu vinajua swichi za Dash gizani, umeme ukikatika naweza kuendelea kuzigusa kwa dakika nzima bila kujua kioo kimezima. Mtu anayehama aandike orodha ya nyongeza zake zote, na mbele ya kila moja aandike ipo au haipo kule aendako. Yangu ilikuwa na vitu 11. Vilivyohama ni joistiki tu. Nayo ikaendelea kuvutia kushoto.

Na darasani ndiyo kabisa. Nilijaribu siku moja. Mashine mpya ni mnara, haiingii kwenye kikapu, nikaipakata kwenye bajaji kama mtoto mgonjwa. Shuleni hakuna intaneti ya kufaa. Programu ikafunguka, ikalalamika haioni mtandao, ikanipa dunia ya kubuni isiyo na picha. Kidato cha tatu, wanafunzi zaidi ya sitini, wakatazama kiwanja cha Mtwara kimezungukwa na msitu usiojulikana. "Mwalimu," mmoja akauliza, "hapa ni kabla ya Wajerumani?"

Wiki iliyofuata nikarudisha OptiPlex darasani.

Likizo ya Juni, nikiwa na muda na sina hela, ndipo nilipofanya kazi niliyopaswa kuifanya Januari. Nikajaribu nyingine. X-Plane 12 ina toleo la bure la majaribio, lina mipaka yake lakini linakuonyesha kama mashine yako inaiweza. Mandhari yake si picha ya angani, kwa hiyo Kitunda haina minazi ya babu wa mama. Lakini inakaa kwenye diski, na wakati wa kuiweka unachagua sehemu za dunia unazozitaka. Unaweza kuchukua Afrika ukaacha Marekani. Sijui nieleze vipi raha niliyoipata kuiacha Marekani. Na ndege inavyoelea inaonekana kuwa na uzito, kwa sababu inapiga hesabu ya upepo kwenye vipande vya bawa kimoja kimoja. Ningeanzia hapo, ningeinunua, ningebaki na hela ya bando. Sijainunua bado. Nadunduliza.

Kuna pia FlightGear, ya bure kabisa, inayotengenezwa na watu wa kujitolea tangu mwaka 1997. Ina sura ya kizamani na menyu zake zinahitaji subira. Mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha nne anaitumia kwenye laptopu ya kaka yake na ameshanishinda kutua na upepo wa ubavu. Anayeanza kutoka sifuri ningemwambia aanzie huko kabla hajauza hata kuku mmoja.

Kwa hiyo nimeishia na nyumba mbili. OptiPlex ina programu ya 2006, ina Dash, inakwenda shule, na usiku wa siku za kazi ndiyo ninayoiwasha kwa sababu inafunguka kabla chai haijapoa. Mashine kubwa naiwasha Jumamosi alfajiri, intaneti ikiwa nyepesi, nikipita juu ya pwani niliyoihifadhi. Mama akija ananiuliza kama kuna ukungu.

Mwezi Novemba mdogo wangu akapiga simu tena. Toleo jingine lilikuwa linatoka tarehe 19, Microsoft Flight Simulator 2024. "Dada, safari hii wamepunguza! Diski GB 50 tu! Na korosho mwaka huu imepita 4,000 kwa kilo, mwombe mama akuchangie."

Nikamwambia anisomee mstari wa intaneti. Akasoma: kima cha chini 10, inayopendekezwa 50, inayofaa kabisa 100. Mara mbili ya ile ya kwanza, na zaidi. Nikamwuliza anadhani zile GB nyingine zimekwenda wapi kama hazipo kwenye diski. Akanyamaza kidogo. "Zimehamia kwenye waya," akasema, kisha akainunua hivyo hivyo. Yeye ana faiba nyumbani, alikuwa na haki yake.

Siku ya kutoka, sava zilizidiwa na watu dunia nzima, watengenezaji wenyewe wakatoka hadharani kuomba radhi. Saa nne usiku mdogo wangu akanitumia picha ya kioo chake kwenye WhatsApp: mstari wa kupakia umefika asilimia 97 na umekaa hapo. Nilikuwa katikati ya kuteremka, Dash, futi 3,000, taa za Mtwara zimeanza kuonekana. Sikumjibu. Kaskazi ilikuwa imeanza, nikazungukia upande wa 01, nikateremsha magurudumu, nikagusa chini kidogo kushoto mwa mstari wa katikati kama kawaida ya ile joistiki. Nikaegesha, nikazima injini ya pili, nikaifungua tena picha yake. Chini yake alikuwa ameongeza ujumbe: "Bado 97."

Nikampigia picha kiwanja nikamtumia.